Talib Hakuvitupa Vidonge

Msuka,
Micheweni, Pemba.
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa dada yangu Rahila,

Assalamu alaykum. Hujambo huko Maskati? Shemegi hajambo, na watoto? Nahla kaanza kuutumia ule mguu au bado anachechemea? Sisi huku viwiliwili vizima, alhamdulillahi. Mama presha imetulia, na muhogo wa konde ya juu tumeshauchimba.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Kwenye simu wewe hunikatiza, na mimi hupata pa kukimbilia. Hii nimempa Suhaib, anakuja huko kazini, akukabidhi mkononi. Isome mpaka mwisho, ndipo unipigie unitukane.

Nina hasira, dada. Nina hasira nawe kidogo, na watu wa barazani zaidi, na nafsi yangu mpaka chakula hakipiti. Nimemfanyia mdogo wetu jambo ambalo hata adui hafanyi, tena nikamwachia yeye alibebe.

Wewe ulimwacha Talib kafungiwa chumba cha nyuma, anazungumza na sauti anazozisikia mwenyewe. Mwaka juzi Asya, yule mkwe wa Mzee Rajab anayejitolea mambo ya afya hapa shehiani, akaanza kuja nyumbani. Aliomba mlango ufunguliwe, akakaa na Talib mkekani. Akawapeleka yeye na mama hospitali, dawa zikaanza, na kila wiki akawa anakuja. Leo amtake Talib achote maji, wiki nyingine aende sokoni na mama, kisha msikitini. Sisi wa nyumbani alitukanya tusimpigie kelele wala kumcheka, na tukiona halali usiku, tumwambie mapema.

Mama naye, Asya akamwita nyumbani kwake, wanakokutana wenye wagonjwa kama wetu. Mama alirudi siku ile akaniambia, "Kumbe si mimi peke yangu niliyelala na ufunguo kiunoni." Na akacheka. Nilikuwa nishasahau kicheko chake.

Talib akarudi kwenye madema yake ya kutegea samaki. Unajua mkono wake. Wale wale waliokuwa wakimpigia miluzi njiani wakawa wanamwita fundi, wanamwomba awasukie. Huo ndio uzima tulioupata, dada, na ndio nilioutia mkono wangu nikauvuruga.

Ikaja posa ya binti yangu Rahma, kutoka Pujini, watu wazuri. Ukanambia kwenye simu nimfiche Talib, wasije wakasema nyumba ina wazimu. Sikulaumu kwa hilo, ulimi ulikuwa wako lakini miguu ilikuwa yangu. Nikamwambia Asya asije kwanza, tuna wageni. Akaniuliza, "Na Talib naye ni mgeni?" Nikamwona mjuvi.

Nikampeleka Talib kisiwani Fundo, kwa Jabir wa mjomba. Nikamdanganya kuwa wavuvi wa kule wanataka madema. Alifurahi, masikini, akafunga fito zake vizuri kama mtu anayekwenda kazini. Mama akamtilia vidonge mkobani, akamwonesha mfuko wa pembeni. Tulipofika Wete, yeye kaenda kunywa maji, mimi nikavitoa. Nikavitia mfukoni mwangu. Sikutaka Jabir avione akauliza ni vya nini. Nilijisemea siku chache hazimdhuru. Asya alishatwambia hilo halifai, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Wazee wa Pujini wakaja. Mkubwa wao akauliza, kwa wema tu, bibi harusi ana ami wangapi, wawajue na kuwaheshimu. Nikasema hana, nimezaliwa mwanamume peke yangu. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Kahawa ile aliileta mwenyewe, akampa kila mtu mkononi, yangu akaiweka chini.

Zile siku chache zikawa wiki mbili, kwa sababu niliona raha nyumba ilivyokuwa na sifa. Jabir akapiga simu, Talib halali, anawajibu watu wasiokuwepo, usiku kaingia baharini na nguo. Nilipokwenda kumchukua nilimkuta kafungwa mikono kwa kamba ya chombo. Nilitaka kumpiga Jabir. Lakini nilimkabidhi mgonjwa nikamwambia ni mzima, angejuaje? Na tulipopita barazani Wete, walikuwapo waliosema, "Msuka wametuletea mali yao tena," wakacheka, na mimi nikainamisha kichwa kama simjui niliyemshika mkono.

Sasa sikiliza ubaya wenyewe. Mama alipouliza vidonge viko wapi, nilisema Talib kavitupa. Nilisema bila kupepesa. Mama akamgombeza, yeye aliyeapa hatamgombeza tena. Wifi yako, mke wangu, akamgombeza. Majirani wakasema si mnaona, hawa hawaponi. Asya peke yake hakumgombeza, akamrudisha hospitali, akaanza naye upya kwenye kuchota maji.

Talib alipopata nafuu akaanza kuniuliza mimi. Kila jioni: "Kaka, nilivitupa wapi? Baharini? Sikumbuki kabisa." Nami namjibu, achana nayo. Akawa hashiki kitu. Akisuka dema anafumua, anasema hajui kama kasuka sawa. Mlango akiufunga anamwita mama aje ahakikishe. Asya akanambia, bila kujua anamwambia mwenye kosa, kwamba maradhi Talib anayaweza, kinachommaliza ni kutojiamini akili yake hata ikiwa nzima. Wallahi, dada, nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nikaenda kibandani kwake. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikamwambia tu kuwa hakuvitupa, nilivitoa mimi Wete, alipokwenda kunywa maji.

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Aliuweka ufito chini, akauliza, "Kwa hiyo sikuwa mimi?"

Nikamwambia hukuwa wewe.

Akaondoka mbio, kaniacha pale, nikamsikia uani akiita, "Mama! Mama, sikuwa mimi!" Sauti ya mtoto aliyefaulu skuli. Hakurudi kunisamehe wala kunitukana. Mimi hakunihitaji kwa lolote. Mama naye mpaka leo hajanisemesha, ila kuniambia chakula tayari.

Rahma kawapelekea habari watu wa Pujini mwenyewe, kuwa ana ami na anaitwa Talib. Hawajajibu. Wakivunja, wamevunja uongo wangu. Asya kanitaka niende kwenye kikao cha wauguzaji, niyaseme haya mbele ya watu. Nitakwenda, na mama atakuwepo.

Msalimie shemegi, Nahla na nduguze. Rahma anakusalimu, na Bi Duni jirani anauliza utarudi lini. Talib hajakutumia salamu, maana miaka yote ukipiga simu humuulizii. Safari hii muulize yeye kwanza, kabla yangu. Asubuhi hayupo ndani. Yuko kibandani, tangu Ijumaa anasuka na hafumui.

Mungu akuhifadhi ugenini, akupe rizki ya halali, na atusitiri na ndimi zetu.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Ridha