Yule Bibi wa Santuri

Jumapili. Mawingu tangu alfajiri na mvua hainyeshi, Tabora nzima inatoka jasho. Sina furaha leo. Bora niseme hivyo mapema kuliko kujifanya.

Nimemshuku mume wangu tangu mavuno ya mahindi. Leo nimejua anachonificha, na sijui nikiweke wapi.

Yule fundi Mzungu wa reli alipofunga virago, mwaka uliofuata uhuru, aliwagawia watu vitu vyake. Mmoja alipata kitanda, mwingine baiskeli. Baba Zuhura, huyo mume wangu, ambaye kazi yake ni kuunganisha mabehewa pale stesheni, alirudi na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na sanduku la santuri kumi na moja, zote za mwanamke mmoja. Nikamuuliza, katika vyombo vyote vya yule mtu hukuona hata sufuria? Akacheka. Gramafoni ikakaa juu ya kabati miaka, tukiishusha Idi na Idi.

Habari za huyo mwanamke nazijua kwa moyo, maana nimezisikia mpaka basi. Ni mwimbaji wa opera, michezo ya Ulaya ambayo watu huimba hata wakichomwa kisu. Baba yake alikuwa mshona viatu. Alianza kwenye kwaya ya kanisa, akapanda mpaka majumba makubwa, akiigiza malkia na wanawake waliosalitiwa. Kurekodi kulikuwa kazi siku hizo: aliimba mbele ya pembe kubwa ya bati, sauti ikachorwa kwenye nta. Baba Zuhura hapo husimama kusema ni nta ya nyuki kama hii ya warina asali wetu wa kule Ipole, na kwamba bibi akifika sauti ya juu kuna mtu alimshika mabega na kumvuta nyuma, asije akaiharibu nta kwa nguvu za kifua chake. Alijitoa mno, akachoka mapema. Santuri za mwisho aliimba sauti ikimponyoka, kisha akaacha jukwaa.

Nilizisikiliza habari hizo kama mke anavyosikiliza habari za mwanamke mwingine.

Tangu mavuno, gramafoni inashuka kila siku akitoka kazini. Anafunga dirisha, anakaa shavu lake likikaribia kugusa kile chombo. Namwita kula, kimya. Namwuliza chumvi imeisha au bado, ananijibu kuhusu mvua. Ameacha kwenda kucheza bao. Hata balozi wetu wa nyumba kumi alinisimamisha njiani akalalamika kwamba kwenye mikutano ya shamba la ujamaa mume wangu hasemi neno, na wakipiga kura anawatazama wenzake kwanza ndipo anyanyue mkono. Nikaona aibu, nikasema amechoka na kazi.

Jirani yangu Bi Tatu hakuwa na huruma. "Shoga, mwanamume asiyekusikia ana anayemsikiliza," aliniambia.

Neno hilo lilinikaa. Nikaanza kunusa mashati yake: grisi na jasho, basi. Nikampita yule mama anayeuza chai stesheni, nikamkagua kuanzia ushungi mpaka viatu, maskini, mtu wa watu. Nikajiambia santuri ni kisingizio tu, anakaa pale apate kumfikiria mtu mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku moja nusura nizivunje zote kumi na moja.

Juma lililopita aliniita. Aliweka santuri ya mwisho, akatikisa kichwa. "Sauti imemwisha, mama. Unasikia? Imebaki kama mtu aliye chumba cha pili."

Mimi nilisikia mwanamke anayeimba mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Nikasema moyoni, huyu ananifanya mjinga.

Juzi akasema hata zile alizoimba bibi ujanani zimechakaa. Sasa anapiga moja tu, ile ya nne, ambamo bibi, katika mchezo, anapaza sauti kabla hajajitupa kutoka juu ya ukuta wa ngome.

Leo alasiri niliingia na sufuria ya wali. Santuri ilikuwa imekwisha, sindano inakwaruza mahali pamoja, kwaru, kwaru. Yeye amekaa vilevile, macho kafumba, shavu palepale.

Nikasimama nyuma yake. "Baba Zuhura." Kimya. Nikamwita jina lake, Hamisi, ambalo sijalitamka tangu tuoane. Kimya. Hasira zikanipanda, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hamisi, nimekuchoka."

Hakugeuka.

Mfuniko wa sufuria ukaniponyoka, ukaanguka sakafuni karibu na mguu wake. Hapo aligutuka. Akanitazama mdomo, akatabasamu.

"Haya mama, naja kula sasa hivi."

Alikuwa amekisia. Amekuwa akikisia miezi yote hii: nyumbani, mkutanini, kazini. Sauti ya yule bibi haikwisha, masikio yake ndiyo yanayokwisha, na katika sauti zote za dunia, hiyo moja ndiyo iliyobaki na nguvu ya kumfikia.

Na huyu mtu anaingia katikati ya mabehewa akitegemea kusikia filimbi.

Nimekula naye nikimwelekea uso. Naelewa kwa nini anaficha: wakubwa wa stesheni wakijua, watamtoa pale, na kazi nyingine haijui. Lakini injini ikirudi nyuma haimngoji mtu akisie.

Sasa yuko uani anatawadha kwa ajili ya magharibi, nami naandika upesi. Zamu yake ya kesho ni ya asubuhi. Kabla hajavaa viatu nitamkalisha mlangoni penye mwanga, nimwambie polepole kwamba najua, na kwamba kwenye mabehewa harudi, hata kama itatubidi twende kulima shamba la ujamaa. Atakasirika. Na akasirike.

Na lile neno nililomwambia nikiwa nyuma yake, Mungu anisamehe, nashukuru halikumfikia.