Mpangaji wa Mama Akeno

Lodwar, Jumapili

Mama mpendwa,

Male! Kwa salamu yetu hiyo nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na kaka Wiyual na majirani wote wa Kakuma. Goti limepoa? Mvua imewafikia, au bado ni vumbi tu? Mimi ni mzima na kazi ya ushonaji inaendelea. Joto la hapa tu ndilo linalonishinda.

Nimepata nyumba, Mama. Nilihangaika. Kwenye simu vyumba vilikuwepo, lakini wenye ploti wakishanisikia jina, vilikuwa vimeshachukuliwa. Mmoja aliuliza kama nitaleta ukoo mzima.

Mama Akeno, mjane wa Kiturkana, hakutazama hata kibali changu cha kutoka kambini. Alitaka kujua tunapika nini, mbona sisi ni warefu hivi, na nikiugua ampigie nani. Kisha akauliza kama kwetu tunazungumza Kidinka. Nikamwambia sisi ni Wanuer. Akanipa ufunguo. Lile swali lilinikaa kichwani.

Jumapili iliyofuata aliniita barazani, simu mkononi. Kumbe mwanawe Erupe, dereva wa lori, alivuka mpaka wa Nadapal akaoa Mdinka huko Juba, na mjukuu anajua lugha ya mama yake tu. Bibi humsalimu kwa Kiturkana, "Ejok!", mtoto hucheka, na mazungumzo huishia hapo. Aliniuliza kama namfahamu yeyote anayeweza kuwasaidia.

Mama, hapa naomba usikasirike kwanza. Tangu vita vyetu na Wadinka vilipomchukua Baba, ulikataza Kidinka kisisikike nyumbani kwetu, na nyumbani nilikutii. Lakini bombani, kwenye foleni ya maji, Adhar, msichana wa Kidinka, alikuwa rafiki yangu, na Kidinka kiliniingia bila mimi kujua kwamba najifunza. Niliichukua ile simu. Mtoto aliuliza mimi ni nani. Nikamjibu kwa Kidinka kwamba mimi ni mpangaji wa bibi yake, na bibi anauliza amekula nini. Akasema samaki. Nilipomweleza Mama Akeno, alirudia neno hilo, samaki, huku machozi yakimtoka. Sasa kila Jumapili tunakaa watatu hivyo.

Vyumba ni viwili, na kimoja nimekitandika kwa ajili yako. Ukija utaisikia lugha hiyo barazani, wala sitakuficha tena. Nimeona nikwambie kabla hujafunga mizigo. Natamani sana kujua utasema nini.

Wasalimie wote, na Mungu akutunze.

Ni mimi binti yako,
Nyakong