Maji Yaliishia Kizingitini

Jumatatu, 4 Machi

Daftari jipya. Nimelinunua kwa sababu redio imekufa. Chumba kikinyamaza sana lazima mtu aseme, na nikisema peke yangu Mshonaji wa chumba cha pili anagonga ukuta: jirani, umepata mgeni? Sijapata mgeni, mama. Ni mimi na mimi. Basi naandika. Kuandika hakuna kelele.

Shule niliiachia darasa la nne, lakini mwandiko wangu watu wanaulipia! Vibao vyote vya mtaa huu ni mkono wangu. Kinyozi, wa kuchaji simu, mpaka choo cha kulipia. Vibao vikikosekana nauza miavuli. Jua likiwaka, miwani. Mungu alete lolote, mimi nala.

Leo jua. Miwani imetoka vizuri. Nimerudi, nimepika, nimetoa sahani mbili na ile ndogo ya binti yangu Kibonge. Nimezirudisha kabatini, nimebaki na moja. Kila siku nauambia mkono. Mkono hausikii.

Jumatano, 6 Machi

Mtaani kaja mama mmoja wa chuo kikuu. Kavaa mabuti ya mvua na jua lote hili! Anaitwa Daktari. Mzee Mkaa, yule anayeuza magunia pale kona, akapandisha suruali amwonyeshe goti. Akaambiwa samahani baba, mimi daktari wa maji. Mshonaji akadakia: kwani maji nayo yanaumwa? Mtaa mzima kicheko. Daktari naye kacheka. Yanaumwa sana, mama.

Habari yenyewe hii hapa. Anachunguza mafuriko, yale makubwa ya mwaka jana. Ramani anayo, hesabu anazo, kazipeleka kwa mkubwa wa mitaro, zikatiwa kwenye droo. Sasa anataka tuchore. Kila mtu kwenye ukuta wake wa nje aonyeshe maji yalifika wapi — mstari wa bluu — na juu ya mstari achore kilichokuwa kinaelea. Yeye atapima, sisi tutachora, na mkubwa ataletwa apite kwa miguu yake. Karatasi unaifungia droo, anasema, ukuta utaufungia wapi?

Akauliza nani anajua brashi. Vidole vyote kwangu! Nimekuwa fundi mkuu. Nimerudi nyumbani kifua mbele kama jogoo, nimefungua mlango — hakuna wa kumwambia. Nakwambia wewe, daftari.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia Mama Kibonge. Mke wangu. Yuko kwa dada yake tangu mafuriko ya kwanza, yale madogo, maji ya kifundo cha mguu tu. Lakini binti yetu alikohoa mpaka tukaogopa. Mama yake akafunga begi. Akasema, siku chumba kikikauka na ukaniambia hakijai tena, tutarudi.

Halafu yakaja yale makubwa, wao hawapo. Akapiga simu siku ileile. Nikamwambia maji yaliishia kizingitini.

Yaliishia dirishani. Simu ile niliipokea niko juu ya kabati, miguu nimeikunja kama kuku anayeatamia, kitanda kinazunguka chini yangu kinatafuta njia ya kutoka. Pakavu mke wangu, pakavu kabisa! Na nilikuwa natabasamu, wallahi. Mtu akitabasamu sauti inanyooka.

Leo habari za kuchora sikumgusia. Kibonge kaongea. Jino limetoka. Nikamwambia nitunzie nilione. Lishapotea, Baba.

Jumamosi, 9 Machi

Kazi imeanza! Daktari ana mpira mrefu mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule wa waashi. Unajazwa maji, mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji yaliyomo yanakaa usawa mmoja hata kama ardhi imepinda kama mgongo wa punda. Ila kwanza mwenye chumba anaweka alama kwa kumbukumbu yake. Mpira baadaye. Anasema kumbukumbu zenu ndiyo elimu, mpira ni shahidi.

Tumeanza na Kinyozi. Alama juu ya kitasa. Kachora kiti chake kinaelea na mteja juu yake, nusu kichwa kimenyolewa. Uongo mtupu! Tumecheka mpaka machozi.

Mzee Mkaa hajawahi kushika brashi. Nikamshika mkono, tukachora wote. Kikatoka kitu kama kiazi chenye miguu. Nikamwambia mzee, viazi vya kwako vinatembea? Akasema ni mbwa wangu. Sikumpata.

Nikamchovyea brashi tena, tukamalizia mkia.

Jumapili, 10 Machi

Kwangu nimepaka asubuhi mapema, mtaa umelala. Kizingitini. Mstari safi, mnyoofu, juu yake bata anacheka.

Mama Kibonge akija ataona. Basi.

Jumanne, 12 Machi

Aibu ya leo naiandika haraka ipite.

Zamu ya Mshonaji. Yeye na mimi tunatenganishwa na ukuta mmoja, akipiga chafya mimi namwambia pole. Alama yake ni dirishani. Kachora cherehani kinaogelea, na futi ya kupimia imejikunja nyuma yake kama mkia wa nyoka. Kazi nzuri, hata mimi nimeona wivu.

Halafu mpira. Daktari kashika ncha kwa Mshonaji, mimi nyingine. Tunasogea, tunasogea. Mstari unatoka kwa Kinyozi, unapita kwa Mzee Mkaa, unapita kwa Mshonaji, wote usawa mmoja — ukifika kwangu unaanguka. Puu! Unalala kizingitini na bata wake. Ukipita mlango wangu, kwa mwenye duka, unapanda tena.

Wote wakamtazama bata. Nikawawahi: maji yalibisha hodi, sikuitika, yakapita zao!

Kicheko kikubwa. Mshonaji ndiye kasema, jirani, basi siku nyingine tufundishe na sisi kutoitika. Wakacheka tena. Daktari hakucheka. Alingoja watawanyike. Akaniambia kwa sauti ya chini, fundi, ukuta ni wako, mimi ukuta wa mtu siugusi. Ila mkubwa wa mitaro anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Akikuta kosa moja atasema yote ni michoro ya watoto, mtaro hauzibuliwi, na mvua zinakuja.

Nikasema sawa Daktari, nitaangalia. Akakunja mpira wake. Ningependa angenigombeza.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua ya rasharasha. Miavuli imekwenda. Mteja mmoja kauliza, huu hauvuji? Nikamwambia kaka, huu ukivuja ujue mbingu ndiyo imetoboka. Kanunua.

Jioni simu. Mama Kibonge mwenyewe! Moyo ukaruka. Huyu mtu huwa anapiga kwa vocha ninayomtumia mimi, leo kapiga kwa yake. Kumbe kuna mtu katuma picha za kuta zetu, zimezunguka simu hadi simu mpaka kwa shemeji.

Baba Kibonge, nimeona kwa Mshonaji. Maji dirishani.

Eeh, dirishani.

Na kwetu?

Kwetu… kuna kamwinuko.

Kamwinuko.

Kamwinuko kadogo.

Nikasikia sufuria za dada yake zikigongana huko nyuma, na mtu anacheka, na Kibonge anaimba. Nyumba imejaa watu. Mimi huku hata mjusi kahama. Akasema haya, usiku mwema. Jua lilikuwa bado halijazama!

Jumapili, 17 Machi

Sikutoka. Nimefua shuka. Nimeianika, nimeikunja. Nimelala upande wangu ule ule wa ukutani, na wake mtupu. Kitanda kizima changu na bado nalala ukingoni kama mpangaji.

Jumatatu, 18 Machi

Mshonaji kaniita nimwandikie kibao kipya. Nilipokuwa naandika kasema, akitunga uzi kwenye sindano, hata hakuniangalia: siku ile nilikusikia, jirani. Maji yananifika kifuani, nimekumbatia kitambaa cha wateja, na nakusikia wewe juu ya kabati unasema pakavu mke wangu. Nikadhani maji yamekupanda kichwani.

Nikacheka. Peke yangu.

Akasema, ningekuwa yeye ningetaka kujua. Nikamwambia ungejua ungerudi? Akafikiri. Akasema hapana. Halafu akasema, lakini ningejua nimeolewa na nani.

Kibao nimekiharibu. Nimeandika TUNASHONA NA KUREKEBISHA, herufi za mwisho zimebanana kama abiria. Kakipokea hivyo hivyo.

Alhamisi, 21 Machi

Wanakuja! Jumamosi! Meseji imeingia nikiwa sokoni, nikamwachia mtu miwani kwa bei ya kutupa, nikakimbia nyumbani kama nimeambiwa wako mlangoni tayari.

"Tunakuja Jumamosi asubuhi. Kibonge anataka kuona michoro. Tukiona pako sawa tutakaa."

Tukiona pako sawa tutakaa! Nimeisoma mpaka simu imezima chaji. Nimefagia. Nimepanga viatu. Viatu vyote ni vyangu, lakini nimevipanga.

Halafu ndiyo nikakumbuka. Jumamosi ndiyo ya mkubwa wa mitaro.

Nimekwenda nje nikamtazama bata. Mstari ukibaki chini, mke wangu anaona mtaa mzima dirishani na kwetu kizingitini, na yeye si mjinga, maji kayachota tangu utoto, anajua maji hayapandi na kushuka kama ngazi. Mkubwa naye anapata lake la kusema. Mstari ukipanda, mke wangu anasoma mwenyewe kwamba nilimdanganya. Huku maji, kule maji. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu imeanzia kabatini, imeishia mlangoni. Hata viatu haikuchosha.

Ijumaa, 22 Machi

Daktari kapita kugawa rangi ya kumalizia. Kwangu kaacha kopo la bluu, na la nyeupe la kufutia, na ule mpira wake. Kauliza tu binti yangu ana umri gani. Nikamwambia wa kung'oa meno.

Mzee Mkaa yuko kwa ukuta wake na brashi yake mwenyewe. Anamwongezea mbwa masikio.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeamka na giza bado. Nimemfuta bata. Samahani bata, hukukosea wewe.

Nikagonga kwa Mshonaji, nikamwomba anishikie ncha ya mpira. Katoka na khanga begani, macho ya usingizi. Maji yakacheza ndani ya mpira, yakatulia. Chini ya dirisha pale pale, usawa na wake. Nikapiga mstari mara moja, bila kuinua mkono. Umeungana na wa kwake kama vile ukuta haukuwahi kuwa na majirani wawili.

Halafu kilichokuwa kinaelea. Nimechora kitanda. Sahani. Kiatu kimoja kidogo, kile cha kushoto alichokisahau. Na juu kabisa nimechora kabati, na mtu juu yake kajikunja, simu sikioni, meno yote nje. Mshonaji kaangalia muda mrefu. Akasema pua umejipendelea. Akarudi kulala.

Mkubwa wa mitaro anakuja saa tisa. Daktari yuko chini kwa Kinyozi na mabuti yake, anatembea huku na huku kama baba wa bwana harusi.

Na wao wameshafika. Wako nje sasa hivi.

Nimewaona tangu kona. Mama Kibonge begi mkononi, Kibonge mbele anakimbia na kidole juu ya mstari, anafuata bluu yote ya mtaa, anapiga kelele: maji, maji, maji! Nilikuwa nimetunga maneno. Karibuni, mmenenepa, safari vipi. Mzaha wa bata nao nilikuwa nao. Mke wangu kanipa mkono. Nikasema karibu. Akasema asante. Macho yake yakanipita, yakaenda ukutani, yakakaa huko.

Nikasema ngoja niwaletee kigoda. Kigoda cha mgeni! Ndiyo nimeingia humu. Kigoda nimekikalia mimi, naandika. Rangi haijakauka kwenye vidole, nachafua ukurasa.

Dirisha liko wazi, nawasikia. Kibonge kasimama ukutani, nasikia mgongo wake unasugua. Mama, tazama, mimi niko chini ya maji! Mstari umenipita kichwa!

Nasikia ndala za mama yake zikisogea ukutani.

Na huyu juu ya kabati ni Baba! Mbona anacheka? Mama, anaongea na nani?

Cherehani cha Mshonaji kimesimama.

Anaongea na mimi.

Mama yake kasema hivyo tu. Sauti ya kawaida, siwezi kuipima. Nimechungulia pembeni ya pazia. Mkono mmoja kaweka juu ya kichwa cha Kibonge, kiganja kimelala bapa, kama anapima nafasi iliyobaki mpaka kwenye mstari. Mkono mwingine una begi.

Hajaliweka chini. Hajaliinua pia. Nakwenda na kigoda.