Jiwe la Baba Mkwe

Shoga, nimekwisha.

Lile tangi la samaki aliloniachia baba mkwe nilitunze lilijaa mwani, kioo chote kijani. Muuza samaki akasema jua la dirishani ndilo linalouotesha, nilisogeze, nipunguze chakula, nisugue kioo.

KIOO, shoga. Alisema kioo!

Mimi na kiherehere changu nikasugua mpaka jiwe la katikati. Likang'aa jeupe, kijani chote nikakitupa pipani.

Leo baba mkwe karudi. Akayasifia maji, halafu akainamia kioo.

"Mwanangu, yale majani ya kwenye jiwe yako wapi? Marehemu mama yenu aliyapanda kwa mkono wake."

Nikamjibu, "Yapo, baba."

YAPO! Shoga, niko nje napekua pipa la taka, na kila kijani ninachoshika ni ganda la tango.