Begi la Maji Ulilomtumia Faiza

Kotile,
Kupitia Masalani,
Kaunti ya Garissa.
4 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Idman,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta wewe, Abdisamad na watoto mkiwa wazima huko Bergen. Je, mafua ya Ayanle yamepona? Hooyo, mama yetu, huniuliza kila siku kama mvua ya huko imekatika, nami humjibu kwamba bado. Namjibu kwa kubahatisha tu, maana habari zako siku hizi hunijia kupitia kwa Faiza.

Sisi hatujambo, alhamdulillah. Magoti ya hooyo yanamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anatembea. Kiangazi ni kikali. Kaka yetu Yahye amehamishia ng'ombe upande wa Sangailu akifuata nyasi, akatuachia mmoja wa kukamua. Mbuzi tumegawana, kundi moja mimi, jingine mkewe Faiza.

Usishangae kuona karatasi wakati simu zipo. Ujumbe wa sauti hapa husikilizwa na boma zima, na haya ninayokuandikia si ya boma zima. Kisomali changu ni cha mdomoni, Kiswahili ndicho tulichofundishwa kuandikia barua shuleni, basi nivumilie. Binamu yetu Awil anakwenda Nairobi Ijumaa, amekubali kuitia posta.

Idman, nina wivu. Nimeona nikuambie hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Mwezi wa Oktoba, Awil alipotuletea mzigo wako, aliufungua mbele yetu sote. Mimi nilikuwa nimekwisha kunawa mikono nikingoja changu. Begi la maji likatoka, na juu yake karatasi yenye jina la Faiza. Langu lilikuwa shungi la kijivu. Nashukuru, ni shungi zuri, ingawa rangi yake ni ya wanawake wa umri wa hooyo.

Sikuwa nimewahi kuona kitu kama lile begi. Jepesi, linakaa mgongoni, ndani lina mfuko laini wa plastiki wa lita mbili, na mrija unapita begani hadi karibu na mdomo. Unauma kichuchu chake na maji yanakuja huku unatembea. Watoto wakaliita nundu ya Faiza. Wiki nzima watu walikuja kuitazama nundu hiyo, na nani aliyewapikia chai? Mimi.

Wewe wajua nilivyochunga katika jua hili tangu nina miaka minane. Jerikeni mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Ukitaka kunywa sharti usimame, uweke chini, ufungue kizibo, na ukiinua kichwa mbuzi wamekwisha kuingia shamba la mtu kule mtoni. Kwa hiyo unavumilia kiu mpaka adhuhuri, kichwa kinagonga. Tulichunga pamoja hivyo, mimi na wewe, si wewe na Faiza. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, lakini naona maji ndiyo yanayopanda ndege.

Naye alivyolitunza! Kila jioni analiosha, anaupuliza mrija, anauning'iniza ukauke. Amenieleza mara tatu kwamba maji yakilala humo siku mbili yananuka, kama kwamba nimemuuliza. Analijaza alfajiri yakiwa bado ya baridi na anakunywa funda moja kila baada ya hatua kadhaa, hangoji kiu. Na lile funda la kwanza, kwa kuwa mrija umekaa juani na maji yake yamepata moto, analitema. Analitema, Idman! Maji, kiangazi hiki, hapa Kotile! Nilikuwa namtazama hivyo huku nimebeba jerikeni yangu, na moyo unafuka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita mbuzi wangu watatu walipotea, nikawa sina budi kutembea kutwa nzima kuwatafuta. Faiza akaja na begi lake, akaniwekea mbele. Sikuwa nimemwomba, na hilo nalo liliniudhi.

Safari ya kutwa hatubebi maji matupu, wewe hujasahau. Tunabeba maziwa yaliyotiwa maji, na maziwa hayaingii katika chombo kisichofukizwa. Basi nikachukua kijinga cha moto, nikakipuliza mpaka kikatoa moshi mzuri, nikauinamisha mdomo wa ule mfuko juu yake, kama tunavyofukiza jerikeni. Jerikeni huwa haisemi kitu. Ile plastiki ilikuwa nyembamba, ikajikunja kama utando wa maziwa yanayochemka, kisha ikatoboka tundu la kuingia ngumi.

Hooyo alisema ni bahati mbaya, mikono imefuata mazoea. Watu wote wakasema hivyo, nami nikakubali. Lakini wewe sitakudanganya. Niliona inaanza kulegea. Nilikuwa na nafasi ya kuiondoa, nikachelewa, kidogo tu, kama muda wa kusema bismillahi. Nikikuambia sijui kwa nini nilichelewa, nitakuwa naongopa.

Nilingoja Faiza apige kelele, na nilikuwa na majibu yangu tayari. Hakupiga. Aliupokea ule mfuko, akakaa chini, akaugeuza geuza mapajani, machozi yakimtoka. Nikamwambia, ni begi tu wifi, si mtoto. Ndipo aliponieleza.

Nimekwisha kujua, kwa hiyo usimlaumu kwa kusema. Kwamba mwezi wa Septemba alianguka na kuzimia nyuma ya mbuzi, peke yake. Kwamba alikuwa anakojoa damu. Kwamba muuguzi alimwambia ana mawe kwenye figo na kiu ndiyo inayoyakuza, anywe maji kidogo kidogo kutwa nzima, asingoje koo likauke. Hata Yahye alikuwa hajaambiwa. Ulijua wewe peke yako, uliyeko mbali kuliko sote.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi ninayelala ukuta wa pili. Akasema, "Wallahi abaayo, dada yangu, Idman ndio niliambia. Wewe ningekuambia, ungesema Faiza ni mvivu tu, mtoto wa mjini, jua imemshinda."

Na kweli ningesema. Nimekwisha kuyasema hayo mara nyingi, hata kwa hooyo, hata Faiza mwenyewe akisikia.

Tangu siku hiyo amerudia jerikeni. Anakunywa akikumbuka, na kwa kazi ya mbuzi hakumbuki. Jumamosi alirudi ameshika ubavu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba hooyo asimwone. Nimelichukua kundi lake siku ambazo naweza, lakini makundi mawili katika kiangazi hiki yananishinda, na akiona nimechelewa anatoka mwenyewe. Ramadhani imebaki wiki mbili. Muuguzi amemkataza kufunga mpaka apone, naye anaona haya kusimama na jerikeni anywe mbele ya watu waliofunga. Namjua, atashinda na kiu ili asisemwe.

Hakukuambia kwamba begi limeharibika, sivyo? Nilimsihi akuambie, akakataa. Alisema utauliza limeharibikaje, na yeye hataki kunichongea kwa mdogo wangu. Hata wema wake unanichoma, Mungu anisamehe. Basi nimebaki mimi wa kukuambia. Mfuko niliuunguza mimi, Bishara, binti wa mama yako.

Awil anasema ule mfuko wa ndani huuzwa peke yake. Begi lenyewe ni zima na mrija ni mzima, Faiza bado anauosha. Nakuomba umtafutie mfuko mwingine, na umpe mtu wa kwanza anayekuja upande huu. Andika jina la Faiza kwa herufi kubwa, nisije nikanawa mikono tena. Mfuko ukifika nitakuwa naujaza mimi kila alfajiri, na moshi nimeuapia kwamba hautauona.

Usidhani wivu umekwisha. Nimejipima, ungalipo, ila sasa najua unakaa wapi. Si begi, na wala si lile shungi. Mwenzangu alizimia porini, akapata nguvu ya kushika simu, na mtu aliyemjia akilini ni wewe. Nawe ulimpokea. Miezi yote hii mmekuwa mkizungumza kila juma mambo ya damu na maumivu, na mimi nilikuwa naletewa salamu.

Hooyo anakusalimu na kukuombea kila baada ya swala. Yahye anakusalimu kutoka Sangailu, na Awil, na Faiza pia, ingawa hajui nakuandikia. Nisalimie Abdisamad na umbusu Ayanle na dada zake. Mwenyezi Mungu awalinde ugenini, awape riziki ya halali na akurudishe kwetu hooyo akiwa hai.

Mimi siumwi popote, Idman. Sina mawe wala sijazimia. Lakini nipigie hivyo hivyo.

Dada yako akupendaye, na kijicho chake,
Bishara