Nuru ya Konyeza na Ukungu Mkongwe

Dada yangu Mwanahawa,

Salamu zangu zikukute mzima hapo Salale, wewe na wanao. Miguu ya mama bado inamsumbua? Na mpunga, umeshika? Mimi sijambo, Alhamdulillahi, ila kwa baridi ya huku Ulaya chai inaganda kabla haijafika mdomoni.

Shemeji anatangaza kwenye mitumba yake Kibiti kwamba mimi naosha vyombo tu. Mwambie namsaidia Dokta, mama mmoja wa Kizungu, kuchunguza ule ukungu unaotia madoa majani ya mpunga wetu. Wamechukua mbegu ya nuru ya konyeza, yuleyule wa utelezi anayetuchoma baharini, wakaipandikiza ndani ya ukungu ili ung'ae kijani, waone unavyoingia kwenye jani. Na darubini yake, dada, unahesabu kope za sisimizi!

Basi juzi wakaja wakubwa wanaogharamia kazi. Dokta akaninong'oneza, "Saidi, wasipoona nuru, kazi inafungwa na wewe unarudi kwenu." Akaniagiza kisahani kimoja cha ukungu. Mimi mtoto wa Rufiji nimpe mgeni kifaranga? Nikachagua mkongwe kuliko wote, umenenepa. Kuuweka chini ya taa ya darubini, ukawaka! Nikapiga makofi peke yangu.

Mzee mmoja kati ya wale wageni akauliza, "Na usiotiwa konyeza uko wapi?"

Tukauweka, wa umri uleule. Nao ukawaka! Dokta akaiva kama kamba wa kuchemsha.

"Saidi, umeleta kizee! Ukungu ukizeeka unang'aa wenyewe, hata bila konyeza."

"Mama, kwetu mgeni anapewa kilicho kikubwa."

Yule mzee akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Leo nipe kilicho kidogo, bwana."

Nikaleta visahani viwili vya ukungu mchanga ulioteshwa pamoja, mmoja una konyeza, mwingine mtupu. Taa ileile, kioo kilekile. Ule mtupu, giza kama ndani ya mtungi. Wa konyeza, kijani kibichi, hata ndevu zangu zikawa kijani, wallahi! Kazi ikasalimika, nami nimeongezewa mkataba. Sasa nikipita wananiita fundi wa nuru. Shemeji asomewe hapo mara mbili.

Nisalimie mama, mwalimu wa madrasa, na jirani yetu mkata mikoko. Na lile kovu la pajani, ulipochomwa na konyeza tukivua kamba, usimlaani tena aliyekutia. Jamaa yake yuko huku, ndiye aliyeninusuru nisirudi mikono mitupu.

Kaka yako, mjomba wa wanao,
Saidi