Kivuli Juu ya Kasha la Chuma

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Anajulikana kwa: Mama Usafi. Umri: miaka 51. Elimu: darasa la nne. Kazi: usafi, karakana ya fundi saa. Makazi: chumba cha uani, nyuma ya kiwanda cha matofali.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nataka kurekebisha nilichosema juzi.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, asubuhi, nilikuwa nafagia ghorofani. Binti yangu, kitindamimba wangu, aliniletea dawa ya presha, akaondoka. Chini mezani kulikuwa na saa ya dhahabu ya mteja. Fundi anasema alitoka saa tano, akarudi saa sita, hakuikuta. Mimi niliandikisha hapa kwamba binti yangu aliondoka saa nne na nusu, fundi akiwa bado yupo.

Sikudanganya, afande. Simu niliisahau nyumbani, na saa za pale zote ni wagonjwa, kila moja inasema lake. Alipoondoka nilitazama saa ya jua ya zamani, kile kisanduku cha mfupa cha kutia mfukoni. Ukikifungua, uzi unanyooka toka kwenye kifuniko. Unakigeuza mpaka sindano ya dira ilale kwenye mstari wake, kisha unasoma kivuli cha uzi kimeangukia namba gani. Fundi ndiye alinifundisha. Nilikiweka dirishani, juu ya kasha la chuma, ndipo jua linapoingia.

Leo tarehe 9, saa tatu asubuhi, nimekiweka palepale. Fundi akacheka: "Mama, juu ya chuma? Sindano si inavutwa hiyo! Utakunywa chai ya asubuhi wenzio wanakula cha mchana." Akakihamishia kwenye stuli ya mbao. Kivuli kikaruka mbele karibu saa nzima.

Yeye anacheka. Hajui nilichoandikisha. Nikakaa kwenye ngazi nikawaza: nikinyamaza, nani atajua? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini hapa niliapa.

Basi saa aliyoondoka mwanangu siijui. Yaweza kuwa saa tano na nusu, fundi akiwa ameshatoka. Sikumwona na kitu mkononi, ila sikushuka naye.

Sina lingine. Nimesomewa, nimesikia, ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba)

Afisa: Nimemweleza kwamba haya yanaweza kumuumiza bintiye aliye mahabusu. Amejibu, "Najua, baba." Ameomba amwambie bintiye yeye mwenyewe, kabla binti hajasikia kwetu. Nimempa dakika tano.